Mali ya Mzazi Mzee: Tuilinde Mchana Kweupe



Katika somo hili tutazungumza juu ya mali ya wazazi wetu waliozeeka. Tukisema mali hatuna maana ya utajiri mkubwa. Tuna maana ya shamba, nyumba, ng'ombe, mbuzi, miembe, cherehani, na fedha kidogo zilizomo katika simu au benki. Kwa mtu wa kijijini hiyo ndiyo mali, na ndiyo jasho la maisha yake yote.

Watu wengi wanafikiri kwamba mwizi wa mali ya mzee ni mgeni anayekuja usiku. Lakini wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi mali ya mzee huondoka mchana, kwa mpango wa ndugu, na kwa dole gumba la mzee mwenyewe. Hapavunjwi mlango. Hapapigwi yowe. Siku watoto wanapopata habari, karatasi imekwisha andikwa zamani.

Je, mzee hana haki ya kumpa mali yake mtu anayemtaka? Anayo. Hilo tulishike kwanza. Mali ni ya mzee mpaka siku anapofariki. Si ya watoto wake. Akitaka kumpa mpwa wake mbuzi, au kumwachia jirani kipande cha shamba, hiyo ni hiari yake. Swali letu ni moja tu: je, kweli ilikuwa hiari yake? Au alitishwa, au alidanganywa, au alibanwa mpaka akachoka?

TUTAZAME MFANO

Mfano huu ni wa kufundishia, lakini mambo yake yanafanana na yanayotokea vijijini.

Tuseme yupo bibi mmoja mjane, mwenye umri wa miaka 74. Ana shamba la ekari 6 na nyumba ya bati. Hajui kusoma. Watoto wake ni watatu. Wawili wako mjini, na mmoja, binti, ameolewa kijiji cha jirani. Miaka miwili iliyopita alikuja kijana, mtoto wa marehemu kaka yake, akakaa naye.

Mwanzoni kijana alifanya mema. Alichota maji. Alipalilia mahindi. Bibi alipougua alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Majirani walimsifu, na haki yake kusifiwa.

Baadaye mambo yakaanza kugeuka kidogo kidogo. Simu ya bibi ikakaa mfukoni mwa kijana. Watoto wakipiga, wanaambiwa, "Shangazi amelala." Majirani wakija wanaambiwa, "Leo hajisikii vizuri." Na bibi mwenyewe anaambiwa kwamba watoto wake wanataka kuliuza shamba na kumpeleka mjini akafungiwe chumbani.

Siku moja kijana akaja na karatasi.

"Shangazi, watoto wako wamekutupa. Nani anakupikia uji? Ni mimi. Nikiondoka leo, nani atakufungulia mlango usiku?"

Bibi akanyamaza.

"Basi weka dole hapa. Ni karatasi ya mbolea ya ruzuku tu."

"Hebu nisomee kwanza, mwanangu."

"Ah, Shangazi! Huniamini? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

Bibi akaona haya. Akaweka dole. Karatasi ile ilisema kwamba ameuza ekari 4, na fedha zote amekwisha pokea. Binti yake alipata habari msimu wa kulima, alipomwona mtu asiyemjua anaingiza plau katika shamba la mama.

Sasa tujiulize. Je, kijana alimpiga shangazi yake? Hapana. Alimshikia panga? Hapana. Lakini alitumia vitu vitatu. Kwanza, alimtenga na watu wake. Pili, alimtia hofu ya kuachwa peke yake. Tatu, alimdanganya juu ya maneno yaliyomo katika karatasi. Vitu hivi vitatu vikikutana, mzee hana hiari tena, hata kama dole ni lake kweli.

DALILI ZA KUTAZAMA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Zifuatazo ni dalili za ufa:

1. Ndugu mmoja ndiye anayesema kwa niaba ya mzee kila mahali. Mzee akiulizwa jambo, anamtazama yeye kwanza kabla ya kujibu.

2. Mzee hapatikani kwa simu, na wageni hawaachwi kuzungumza naye peke yake.

3. Ndugu huyo ndiye ajuaye namba ya siri ya simu ya mzee, na fedha za mazao zinatoka bila maelezo.

4. Mzee anaanza kuwaogopa au kuwachukia watoto wake ghafla, na ukimwuliza sababu anasema, "Nimeambiwa."

5. Kuna karatasi za kutia dole wakati mzee ni mgonjwa, amelewa, au amefiwa na bado ana majonzi.

6. Maneno yanaenezwa kijijini kwamba mzee amechanganyikiwa, au kwamba ni mchawi. Tujihadhari sana na maneno haya. Katika nchi yetu wako wazee, hasa wanawake, waliopoteza mashamba na hata maisha kwa kusingiziwa uchawi.

Dalili moja peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Mtu anayetunza simu ya mama yake huenda anamsaidia tu. Lakini ukiona dalili mbili au tatu pamoja, usilale.

SHERIA INASEMAJE?

Wengine husema, "Dole limekwisha wekwa, hakuna la kufanya." Si kweli. Tuitazame karatasi ya yule kijana kwa macho ya sheria za Tanzania Bara.

Kwanza, Sheria ya Mikataba. Kifungu cha 16 kinasema habari ya mtu mwenye nguvu juu ya nia ya mwenziwe, akaitumia nguvu hiyo kujipatia faida isiyo ya haki. Sheria inamtaja hasa mtu ambaye akili yake imeguswa na uzee, ugonjwa au dhiki. Mapatano ya namna hiyo yanaweza kuvunjwa na yule aliyebanwa. Tena, kama mapatano yenyewe yanaonekana wazi kuwa ya dhuluma, ni juu ya yule mwenye nguvu kuthibitisha kwamba hakumbana mwenziwe. Na kumwambia mtu kwamba karatasi ni ya mbolea kumbe ni ya kuuza shamba, huo ni udanganyifu.

Pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mtu anayetaka kumhamishia mwingine haki yake katika ardhi ya kijiji hupaswa kupata kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Karatasi iliyoandikwa chumbani, halmashauri haina habari, haitoshi. Sheria hiyo hiyo inakataa mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Kwa hiyo mtu asije akasema, "Shamba la mjane ni la ukoo, si lake."

Tatu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kama mzee ana mke au mume, nyumba ya ndoa haiuzwi, haikodishwi wala haitolewi zawadi bila ridhaa ya mwenzake.

Nne, sheria za wosia. Hapa tutazame kwa makini, kwa sababu ndugu wengi wenye tamaa hawataki shamba leo. Wanataka wosia.

Kwa wale wanaofuata sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, wosia una masharti yake. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma unataka mashahidi wasiopungua wawili: mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama mwenye wosia hajui kusoma, mashahidi ni wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mashahidi wa maandishi wawe wanajua kusoma na kuandika. Mke aliyepo nyumbani naye hushuhudia, mbali na mashahidi hao.

Mnaona maana yake? Sheria inataka macho mengi. Na ndugu wasomaji, ninyi mliomaliza kisomo sasa mnaweza kuwa mashahidi wa aina hiyo. Someni kila neno kabla ya kutia saini.

Sheria hizo zinasema pia kwamba wosia haukubaliwi ikithibitika kwamba mwenye kuusia hakuwa na akili timamu kwa sababu ya ugonjwa, ulevi au hasira ya ghafla. Wosia wa maandishi haufutwi kwa maneno ya mdomo. Kwa hiyo ndugu akija matangani na kusema, "Mzee aliniambia jana yake kwamba amebadili mawazo," maneno hayo hayatoshi. Na mtoto hanyimwi urithi kimya kimya. Mzee ataje sababu waziwazi, na mtoto apewe nafasi ya kujitetea.

Kwa wale wanaofuata sheria ya Kiislamu, mtu hawezi kuusia zaidi ya theluthi moja ya mali yake. Kumwusia aliye mrithi tayari kunataka ridhaa ya warithi wenzake. Kwa wale wanaofuata Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo nchi yetu iliirithi wakati wa ukoloni, wosia uliopatikana kwa hila, kwa kulazimishwa, au kwa kumsumbua mtu mpaka hiari yake ikamtoka, ni batili.

TUFANYE NINI MAPEMA?

Dawa ya jambo hili ni kufanya mambo ya mzee mchana kweupe, mapema, angali ana nguvu na akili zake. Dhuluma hupenda chumba kilichofungwa. Tufuate hatua hizi:

1. Tumsikilize mzee. Tumwulize akiwa peke yake, "Baba, wewe mwenyewe unataka nini juu ya shamba?" Kisha tunyamaze, asema yeye. Tusimtilie maneno mdomoni.

2. Tuandike orodha ya mali. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari la kawaida. Andikeni: shamba liko wapi, ukubwa wake, limepakana na nani upande wa mashariki, magharibi, kaskazini na kusini. Andikeni idadi ya mifugo. Andikeni anayemdai mzee na anayedaiwa na mzee. Wekeni tarehe.

3. Tupate hati. Kama kijiji kimekwisha pimwa na kina cheti cha ardhi ya kijiji, mzee aombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake mwenyewe. Ndugu aliyejitolea kushughulikia maombi asije akaandika jina lake. Mzee anayeishi na mwenzi wake, wafikirie kuandikwa wote wawili.

4. Mzee aandike wosia kwa hiari yake. Atayepewa kitu katika wosia asiwe shahidi, wala asiwe ndiye mwandishi. Siku ya kuandika, asikae chumba kimoja na mzee. Wosia usomwe kwa sauti mbele ya mashahidi wote, kwa lugha anayoielewa mzee. Kisha mzee mwenyewe aeleze kwa maneno yake yaliyomo. Ndipo atie saini au dole gumba la kulia, na tarehe iandikwe.

5. Wosia utunzwe mahali salama. Usikae chini ya godoro. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, hutunza wosia. Watu wengine huweka benki, kwa wakili au kwa viongozi wa dini. Mashahidi waambiwe umewekwa wapi.

6. Kazi ya kumtunza mzee tugawane. Hapa ndipo penye mzizi. Mzee aliyeachwa na mtu mmoja tu yumo mikononi mwa mtu huyo. Aliye mjini apige simu kila wiki na kutuma cha kununulia sukari. Aliye karibu aende kumtazama, tena siku asiyotazamiwa. Mzee mwenye wageni wengi habanwi kirahisi.

7. Fedha za simu zitazamwe na wawili. Mzee akihitaji msaada wa kutoa fedha, ndugu mmoja amsaidie na mwingine asomewe hesabu kila mwezi. Namba ya siri ni ya mzee.

NA KAMA JAMBO LIMEKWISHA TOKEA?

Msipigane. Mkichukua mapanga mtakwenda jela ninyi, na shamba litabaki kwa mwenye karatasi. Fanyeni hivi:

Kwanza, hakikisheni mzee yuko salama na anakula. Mali ni ya pili.

Pili, mzee azungumze na mtu anayemwamini, bila yule ndugu kuwapo. Kama hakuridhika na karatasi ile, aseme mapema. Mtu akikaa kimya miaka, wengine watadhani alikubali.

Tatu, mwende kwa Mtendaji wa Kijiji. Ulizeni kama Halmashauri ya Kijiji ilipata habari na kutoa kibali. Ombeni jambo lenu liandikwe.

Nne, kama ni ugomvi wa shamba, mlipeleke jambo katika Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Kutoka hapo mnaweza kwenda Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 nalo kwa mambo ya ardhi husuluhisha tu, halitoi hukumu. Ikishindikana, mwende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tano, kama mzee amekwisha fariki na wosia una mashaka, pelekeni pingamizi mahakamani wakati wa kufungua mirathi. Mirathi ya mila na ya Kiislamu husikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Mahakama huita watu wenye pingamizi kabla ya kumthibitisha msimamizi. Msingoje mpaka mali igawanywe.

Sita, kama karatasi ni ya kughushi au dole lilipatikana kwa vitisho, hilo ni kosa la jinai. Mwende polisi.

Msiogope gharama kabla ya kuuliza. Tangu mwaka 2017 iko Sheria ya Msaada wa Kisheria, na katika wilaya nyingi wako wasaidizi wa kisheria wanaowasaidia wasio na uwezo bila malipo. Ulizeni kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata au wilaya.

NENO KWA WATOTO WA MZEE

Tumalizie kwa jambo gumu kidogo. Si kila anayemtunza mzee ni mwizi, na si kila mtoto anayelalamika ni mwema. Wako watoto ambao hawakuleta hata kilo ya sukari miaka mitano. Wakisikia mzee amempa mpwa wake ekari moja, ndipo wanapanda basi na kupiga kelele za haki. Hao nao wanambana mzee, ila wamechelewa tu.

Yule kijana wa mfano wetu alifanya kazi ya kweli. Kumbeba mgonjwa mgongoni si mchezo. Laiti watoto wangemwita wakamwambia, "Ndugu yetu, tunakushukuru, hebu tukae na mama tuzungumze," huenda bibi angempa ekari moja kwa furaha, mbele ya mashahidi na kwa kibali cha kijiji. Angepata haki yake bila hila, na bibi angebaki na shamba lake. Dhuluma yake haina udhuru. Lakini mlango alioingilia uliachwa wazi na wenye nyumba.

Kwa hiyo tukilinda mali ya mzee, tusiilinde ili tuirithi sisi. Tumlinde mzee aseme neno lake mwenyewe, lisikiwe, liandikwe kama alivyolisema, na liheshimiwe hata kama halitupendezi. Siku yetu nasi inakuja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kijana wa mfano wetu alitumia vitu gani vitatu kumbana shangazi yake?

2. Kwa nini bibi aliona haya kuomba asomewe karatasi? Ungekuwapo ungemwambia nini?

3. Kwa sheria za mila, wosia wa mtu asiyejua kusoma unataka mashahidi wangapi, na ni wa aina gani?

4. Katika familia yako, mzee anatunzwa na nani? Je, mnamsaidia mtu huyo? Mnamshukuru namna gani?

5. Andika katika daftari lako mipaka minne ya shamba la mzazi wako. Kisha umsomee, akusahihishe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Batili: kitu kisicho na nguvu kwa sheria.

Hiari: kupenda kwako mwenyewe bila kulazimishwa.

Kughushi: kutengeneza karatasi, saini au dole la uongo.

Mtu baki: mtu asiye wa ukoo.

Pingamizi: maneno ya kupinga jambo mbele ya mahakama au baraza.

Wosia: maneno ya mtu juu ya mali yake, namna itakavyogawanywa akifa.